Nipeni Mtihani

Mdogo wangu amenitumia barua jana usiku nimsahihishie kabla hajaipeleka. Anaomba kuhama. Yuko mwaka wa pili katika chuo ambacho nikikitaja nusu yenu mtauliza kiko mkoa gani, na anataka kwenda chuo kikuu ambacho hakuna Mtanzania anayehitaji kuelekezwa kilipo. Barua ameiandika vizuri. Ina YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, ina "husika na mada tajwa hapo juu", ina "natanguliza shukrani". Nimeisoma mara tatu, nikafunga kompyuta, nikatoka kukaa kibarazani, maana nilikuwa na hasira na si yeye aliyenikasirisha.

Barua hiyo mimi niliiandika mwaka 2019. Karibu neno kwa neno. Kwa hiyo jamani leo mnivumilie, hakuna siasa wala mpira. Nataka tuzungumze habari ya kuhama chuo, na nitaisema kwa ukali kwa sababu kwa upole nilishaisema nikiwa nimesimama mbele ya meza ya mtu, haikusikika.

Nianze na yangu ili mjue naongea nikiwa nimesimama wapi. Nilimaliza kidato cha sita 2017, kombi ya HKL, nikapata Divisheni III ya pointi 13. Historia D, Kiswahili D, Kiingereza E. (Ndiyo, Kiswahili D. Leo nakula kwa Kiswahili, na mhariri wangu akitaka kunitania hanikosi.) Kwa hesabu za udahili D ni pointi 2, na sharti la chini kabisa la kuanza shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Mimi nilikuwa na 4. Sio 4 na ushee, 4. Mlango ulikuwa unafungwa nikapitisha bega.

Vyuo vikubwa vilinikataa, na kwa haki kabisa. Hapo silalamiki. Nafasi ni chache, watu ni wengi, na wenye A zao walinitangulia. Nikachukuliwa na chuo kimoja cha mikoani, shahada ya mawasiliano ya umma, miaka mitatu.

Sasa nikisema chuo kidogo msifikiri nataka kukisafisha. Kulikuwa na studio ya redio yenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa anafundisha vyuo vitatu, kwa hiyo ufunguo ulikuwa unasafiri kuliko sisi. Kwa miaka miwili niliingia studio ile mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa siku ya ukaguzi, tukaambiwa tuvae vizuri na tuguseguse mashine. Maktaba ilikuwa na vitabu vya uandishi wa habari vinavyoeleza namna ya kutuma habari kwa teleksi. Lakini pale pale kulikuwa na mhadhiri mmoja, mama wa makamo, ambaye kila makala niliyompa aliirudisha ikiwa na wino mwekundu mwingi kuliko wino wangu wa bluu. Alinifanya niandike makala moja kuhusu mgogoro wa maji wa kata mara sita. Mara sita! Ya sita aliisoma akasema, "Sasa hii naweza kumpa mtu." Yote ninayoyajua katika kazi hii yalianzia kwa mama yule, katika chuo kile chenye kufuli.

Mwisho wa mwaka wa pili nilikuwa na GPA ya 4.1. Nikajiambia, nimejikomboa. Ile D ya Historia nimeizika, sasa naweza kuomba kwenda penye studio isiyofungwa.

Anayefikiri kuhama ni kujaza fomu tu hajawahi kuhama. Unatakiwa transkripti ya muda, na hiyo unaisubiri. Unatakiwa barua ya msajili kwamba hana pingamizi, na msajili yuko likizo. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vigongwe muhuri wa wakili. Kisha maelezo ya kozi, yaani kila somo ulilosoma, lilikuwa na saa ngapi, mada zipi, vitabu vipi, mitihani ya aina gani. Yangu yalifika kurasa 118. Nilizichapa stationari, nikatia spiral na plastiki ya mbele, kwa hela iliyobaki kwenye bumu. Nikapanda basi la alfajiri, nikashuka Ubungo jioni, nikalala kwa shangazi, asubuhi niko kwenye benchi la ofisi ya udahili ya chuo ambacho sitakitaja, maana nia yangu si kukifanya jambazi katika hadithi hii. Vyuo vingi vingefanya vile vile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unatokea wapi?"

Nikamtajia chuo. Akatabasamu lile tabasamu ambalo mtu mzima humpa mtoto aliyesema akikua atakuwa rais. Akanyoosha mkono nimpe karatasi, na jamani naomba mlitazame hili kwa makini, karatasi ya kwanza aliyoitafuta ilikuwa cheti cha kidato cha sita. Transkripti ilikuwa juu kabisa. Aliisogeza kando.

"Mbona huku una D?"

"Hiyo ni ya 2017 mzee. Matokeo ya chuo ni hayo uliyosogeza."

Akachukua zile kurasa 118. Hakuzifungua. Alizipima kwa mkono, juu chini, kama anayekisia kilo ya maharage, akanirudishia. "Binti, huko kwenu sisi hatujui wanafundisha nini. Omba upya dirisha likifunguliwa, uanze mwaka wa kwanza na wenzako."

Nikasema, "Wanachofundisha ndicho hicho ulichoshika mzee."

"Nimeshakwambia."

Dakika tano, labda sita. Hakuwa mkali, nimtendee haki. Alinielekeza hata mahali pa kupata daladala la kunirudisha Ubungo.

Hiyo "hatujui wanafundisha nini" ndiyo nataka tuipasue leo, kwa sababu ndiyo sentensi inayosemwa kila mahali na inasikika kama hekima. Hamjui? Vyuo vyote viwili, kile cha kufuli na kile cha tabasamu, vinasimamiwa na Tume moja, TCU, iliyozaliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Programu zote mbili zimepitia mlango mmoja wa kuidhinishwa. Mwaka 2012 Tume hiyo hiyo ilitoa mfumo wake wa sifa za vyuo vikuu, ukaweka kipimo: krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani, maktabani na kwenye mazoezi, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu isipungue 360. Na kuhamisha krediti kumeandikwa humo humo. Kipimo kimewekwa kwa kazi gani basi kama hakipimi? Noti ya shilingi elfu kumi niliyopewa dukani Namanyere inapokelewa Kariakoo bila mwenye duka kuuliza huko Namanyere wanafanyaje kazi. Krediti zangu 240 zilikufa Ubungo. Zidisha kwa 10 mwenyewe: saa 2,400. Zikiwemo zile za mama wa wino mwekundu.

Kisheria hakuna aliyenikosea. Hili nalo niliseme wazi. Kuruhusiwa kuhamisha krediti sio kulazimishwa kuzipokea. Anayepokea ndiye mwenye neno la mwisho, na neno la mwisho kwa kawaida ni "anza upya". Nani atamlaumu? Kusoma kurasa 118 ni kazi ya siku nzima. Kusema "anza upya" ni kazi ya dakika tano, na mtu anarudi kwenye chai yake.

Halafu tunaambiwa kuhama ni kugumu. Mbona kikiwa na haraka kinawezekana? Februari 2016 TCU ilipofuta kibali cha matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu kule Songea, wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine. Mwaka 2020 vikafutiwa vibali vyuo vingine kadhaa na wanafunzi wakaelekezwa kuhama. Sisemi ilikuwa rahisi kwao, wengi waliteseka na mambo ya mikopo na masomo yasiyolingana. Ninachosema ni kwamba meza zilipatikana, watu wakakaa, karatasi zikafunguliwa, somo likalinganishwa na somo. Kwa hiyo mashine ipo. Chuo kikianguka, mwanafunzi anahamishwa. Mwanafunzi akipanda, anaambiwa abaki pale pale au ashuke ngazi zote aanze ya kwanza. Mantiki ya namna hii ukimweleza bibi yangu atakuuliza kama umekula.

Najua mnachotaka kusema. Viwango. Haya, tuje kwenye viwango, na hapa nitawashangaza kwa kukubaliana nanyi.

Vipo vyuo vinavyogawa A kama pipi za msiba... samahani, za maulidi. Nimevisoma mwenyewe, sihitaji kuhadithiwa. Pale chuoni kwetu kulikuwa na mhadhiri aliyeuza desa lake shilingi elfu tano, na jina lako lilipoandikwa kwenye daftari la walionunua, sapu hukuijua tena. Nilinunua. Nilipata A. Somo lenyewe lilihusu maadili ya uandishi wa habari, mkitaka kucheka chekeni. Kwa hiyo chuo kikubwa kikiniambia "hatuiamini 4.1 yako", nitakijibu: na mimi siiamini yote. Kuna krediti kama 12 humo ningezirudisha kwa hiari yangu.

Lakini kati ya "siiamini" na "anza upya" kuna kitu kimoja kimerukwa, na ni kitu ambacho vyuo vikuu vinakijua kuliko taasisi nyingine yoyote duniani. Mtihani! Nyinyi si ndio kazi yenu? Kabatini mna mitihani ya mwaka wa kwanza na wa pili ya miaka kumi iliyopita. Nifungieni chumbani, nipeni karatasi mnayowapa wanafunzi wenu, mnisahihishe bila kuona jina wala chuo. Nikifeli, nitaanza mwaka wa kwanza nikiwa nimefunga mdomo. Nikifaulu, mtaniambia nini? Ada ya kusahihisha nitalipa mimi. Wasiwasi wenu wa viwango unakwisha siku hiyo hiyo, na kwa uhakika kuliko hiyo D ya 2017.

Na msiniambie haijawahi kufanyika. Tuna utaratibu wa miaka mingi wa kuwapokea watu wazima ambao hawana kidato cha sita kabisa, zamani tukiuita mtihani wa watu wazima, sasa wa kutambua ujuzi uliopatikana kabla. Mtu amefanya kazi, amejifunza maishani, anakaa anafanya mtihani, akifaulu anaingia chuo kikuu. Utaratibu mzuri sana, naupigia makofi. Ila tazameni unavyonigeuka mimi: mtu asiye na darasa hata moja la chuo kikuu anapewa mtihani ajithibitishe, na mwenye miaka miwili ya chuo kikuu hapewi. Yaani ningekaa nyumbani nikauza mitumba nikasubiri nizeeke kidogo, ningepewa kalamu na karatasi.

Kuna jambo lingine linalonichekesha, nacho ni kiburi cha asili. Vyuo vyetu vikubwa vinazungumza kana kwamba vilishuka kutoka mbinguni na lami na maktaba zake. Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianzaje? Kitivo kimoja, sheria, wanafunzi wachache wanaoenea kwenye daladala moja, ndani ya jengo la kuazima la TANU Mtaa wa Lumumba. Hakuna mlima, hakuna Nkrumah Hall, hakuna bweni la maana. Mlimani walipanda 1964. Kwa macho ya yule mzee wa tabasamu hicho kilikuwa chuo cha uchochoroni tena uchochoro wenyewe wa chama. Lakini kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake waliandaliwa kwa shahada ya London. London haikuwaambia "huko kwenu Lumumba hatujui mnafundisha nini". Iliwapa mtihani.

Mwaka 1963 ikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, shahada moja. Miaka ile ya mwanzo Mganda anayetaka sheria alikuja Dar, Mtanganyika anayetaka uhandisi alikwenda Nairobi, wa udaktari Makerere. Yoweri Museveni alisoma hapa Dar kuanzia 1967 hadi 1970. Sio kuhama katikati ya masomo, najua, msinikatize. Ni kwamba vyuo viliaminiana kuvuka mipaka mitatu. Chuo hicho kilivunjika 1970 kila nchi ikachukua chake, na tangu hapo tumekuwa tukisaini makaratasi ya kurudisha tulichokivunja. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana hapa hapa Dar es Salaam wakaitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na sifa zake waweze kutembea. Kutoka Kampala hadi Dar, kutoka Kigali hadi Nairobi. Miaka miwili baadaye mimi sikuweza kutembea kutoka Ubungo.

Mnapenda mifano ya Marekani, haya chukueni mmoja. Barack Obama alianza chuo mwaka 1979 Occidental, chuo kidogo cha Los Angeles. Baada ya miaka miwili akahamia Columbia, New York, mwaka 1981, na 1983 akahitimu. Pigeni hesabu: miwili na miwili, minne. Hakuanza upya. Aliposhinda urais Novemba 2008 Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa, nchi nzima ikalala nyumbani siku moja kwa furaha, na huku kwetu tukauza kanga zenye sura yake. Mtoto wa ukoo wa Kogelo! Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto huyo alikuwa wa uhamisho. Angekuja kwenye benchi lile na mafaili yake ya Occidental, angeambiwa asubiri dirisha lifunguliwe.

Kule California wameliandika jambo hili kwenye mpango wao wa elimu ya juu tangu 1960: vyuo vikuu vyao vihakikishe wanafunzi wa miaka ya juu ni 60 kwa kila 40 wa miaka ya chini, ili wanaotoka vyuo vya jamii wapate viti. Nafasi ya anayehama imehesabiwa kabla hajazaliwa. Na sio kwamba wenzetu ni malaika. Mwaka 2008 Harvard ilitangaza kusitisha kupokea wanaohama kwa miaka miwili, na sababu waliyotoa ilikuwa uhaba wa nafasi za malazi. Vitanda! Ningependa sana kuambiwa vitanda. Mtu akikwambia hana kitanda hajakutukana, hajasema kwamba akili yako ya miaka miwili haikutokea.

Maana hilo ndilo linaloumiza. Neno "anza upya" sio ada tu, ingawa ada ni kubwa. Mkopo wa ile miaka miwili haufutiki kwa sababu umeambiwa haikuhesabika. Bodi ya Mikopo ina kumbukumbu nzuri na leo mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kwa miaka yote, pamoja na ile ambayo ofisi nyingine iliiona haipo. Serikali inaniambia kwa mkono mmoja ulisoma, lipa. Kwa mkono wa pili hukusoma, rudia. Ningeomba mikono hiyo ikutane mahali ikakubaliane.

Halafu kuna dirisha la nyuma. Nilipokuwa natoka ofisini kijana mmoja kwenye benchi, simjui hata jina, alinisemesha kwa sauti ya chini: "Dada, humu hawahamishi kwa karatasi. Tafuta mtu." Sijui kama ni kweli kwa ofisi ile na sitasema ni kweli. Najua tu kwamba kila Mtanzania anayesoma hapa ameshaambiwa maneno hayo mahali fulani. Hivi ndivyo inavyokuwa utaratibu ukibaki kwenye tabasamu la mtu mmoja. Mwenye mjomba atahama, na kurasa zake zitafunguliwa, na itagundulika kwamba masomo yake yalilingana vizuri tu. Mtihani wa wazi, wenye tarehe na alama zilizobandikwa ubaoni, unamnyima mjomba kazi. Wakati mwingine nadhani ndiyo maana hautakiwi.

Sikuanza upya. Nilirudi kwenye kufuli, nikamaliza 2020, nikaajiriwa, na nimeshaandika habari zilizosomwa na watu wenye shahada za kila aina. Ningeweza kuishia hapo nikajiita shujaa, lakini kuna kitu cha aibu nilichofanya mwaka jana ambacho lazima nikiseme, la sivyo hasira yote hii ni unafiki.

Mhariri alinipa maombi ya vijana wa mafunzo kazini, kama ishirini, niyachambue abaki na watano. Nilikuwa na habari ya kumaliza, nina haraka. Nikayagawa mafungu mawili kwa kuangalia mstari mmoja tu: chuo. Vinavyojulikana huku, visivyojulikana kule. Nilipofika katikati nikaliona jina la chuo changu. Mkono wangu ulikuwa umeshaliweka fungu la kule. Sikuwa nimefungua sampuli ya makala ya binti yule. Nilipima kwa mkono, kilo ya maharage.

Niliyarudia yote. Ilinichukua hadi saa nne usiku, na nikajua kwa nini yule mzee hakufungua. Wale wa fungu la kule wawili waliandika vizuri kuliko wengi, mmoja aliandika vibaya sana, wengine wa kawaida. Yaani kama watu. Binti wa chuo changu hakuwa miongoni mwa watano, makala yake haikutosha. Lakini ilisomwa, na nilimwandikia kumweleza ni aya ipi iliyomwangusha.

Kwa hiyo barua ya mdogo wangu. Nimeondoa "natumaini ombi langu litapokelewa kwa moyo mkunjufu", maana sitaki moyo wa mtu. Nimeondoa aya nzima aliyojieleza kwa nini kidato cha sita hakufanya vizuri. Aliandika kuhusu ugonjwa wa baba, na ni kweli, lakini hana sababu ya kumlaza baba yetu mezani kwa mtu asiyemjua. Mahali pake nimeandika hivi: "Iwapo Chuo kina shaka na kiwango cha masomo niliyosoma, naomba nipewe mtihani wowote wa mwaka wa kwanza au wa pili, siku yoyote itakayopangwa, na niko tayari kugharamia usahihishaji wake."

Amenipigia asubuhi. "Dada, hawataona kama najidai?"

Nikamwambia waone.

"Na wakikubali kweli?"

Hapo nikanyamaza kidogo, kwa sababu hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamuuliza desa amenunua mangapi. Akacheka, akasema moja. Nikamwambia hilo somo alisome upya kwa vitabu kabla hajaja.

Anasafiri Jumapili kwa basi la usiku, nitampokea Mbezi alfajiri. Maelezo yake ya kozi yana kurasa 96. Nimemwambia asitie spiral, aweke kwenye faili la kawaida ili yafunguke kirahisi, na transkripti aishike mkononi mwenyewe asimwachie mtu kuisogeza.